Kopo lipi la mafuta ya breki linafaa gari lako?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo hatufungui gurudumu wala hatutoi upepo kwenye breki, kazi hiyo ina video yake. Leo ni kopo tu. Umesimama dukani, rafuni kuna DOT 3, DOT 4, DOT 5 na DOT 5.1, na muuzaji anakwambia yote ni yale yale. Si yale yale, na moja kati ya hayo manne linaweza kukuharibia mfumo mzima.

Tunaanzia kwenye gari kabla ya kwenda dukani. Fungua boneti. Mara nyingi upande wa dereva, kule nyuma karibu na kioo, utaona kijitangi cha plastiki chenye alama mbili ubavuni, MIN na MAX. Nasogeza kamera… hapo. Kifuniko kimejaa vumbi, kwa hiyo nakifuta kwa kitambaa kikavu kwanza. Nafuta ili nisome, lakini pia kwa sababu punje moja ya mchanga ikidondokea ndani itakwenda kukwangua masta silinda, yaani pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Sasa maandishi yanasomeka: DOT 3. Hilo ndilo jibu la gari hili. Lako linaweza kusema DOT 4. Kama maandishi yamefutika, fungua kitabu cha gari. Na hakikisha hujashika kijitangi cha usukani, maana kwenye magari mengine viko jirani.

Usikifungue bado. Tukielewa namba hizi kwanza, utaona kwa nini ninasema hivyo.

Ukikanyaga breki, mguu wako unasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma pedi zibane diski. Kazi hiyo inawezekana kwa sababu kimiminika hakibonyei. Lakini pedi zikibana zinazalisha joto, na joto hilo linapanda hadi kwenye mafuta yaliyo ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi. Teremka mlima mrefu na mzigo huku mguu uko kwenye breki muda wote, mafuta yanaweza kufika mahali pa kuchemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Hapo unakanyaga, pedali inazama hadi sakafuni, na gari linaendelea na safari yake.

Kwa hiyo jambo kubwa linalotofautisha namba za DOT ni joto la kuchemkia. Herufi hizo zinatokana na Idara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo kanuni yake namba 116 imeweka viwango vya chini kabisa. Kila aina ina vipimo viwili: cha mafuta mapya makavu, na cha mafuta yaliyokwisha kunywa maji hadi asilimia 3.7. DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, 140 yakiwa na maji. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 na DOT 5.1 zote ni 260 na 180.

Simamisha video hapo kidogo, uziangalie tena. DOT 3 mapya yana 205. DOT 4 yaliyolowa yana 155. Yaani yule anayejisifu ameweka mafuta ya namba kubwa, halafu hayabadilishi miaka nenda miaka rudi, anaachwa nyuma na mwenye DOT 3 ya juzi. Mafuta haya hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu hupenya hata kwenye mipira ya breki taratibu bila wewe kufungua chochote. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa magari wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, iwe umetembea sana au gari limelala uani. Na ndiyo maana nimekuzuia kuacha kifuniko wazi.

Je, gari la DOT 3 linaweza kutumia DOT 4? Kwa kawaida ndiyo. DOT 3, 4 na 5.1 zote asili yake ni glaikoli, kemikali inayofyonza maji, kwa hiyo zikichanganyika haziharibiani. Kinyume chake usifanye: gari lililoandikiwa DOT 4 usiliteremshie DOT 3. Na ukichanganya, usihesabu kwamba umepata ubora wa ile ya juu. Umepata kitu cha katikati.

Sasa tufike kwenye mtego wenyewe: DOT 5 na DOT 5.1. Mtu anaona nukta moja, anadhani ni ndugu. DOT 5 ni silikoni. Ninazo glasi mbili hapa. Hii yenye rangi ya zambarau ni DOT 5, hii yenye rangi ya asali ni DOT 4. Namimina moja juu ya nyingine… nakoroga… naziacha. Tazameni, zinajitenga zenyewe, tabaka hili na tabaka lile. Ndani ya bomba la breki hutaki mchezo huo. Silikoni pia hushika viputo vya hewa, kwa hiyo haifai kwenye gari lenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Haifyonzi maji, ni kweli, lakini maji yakishaingia yanakaa peke yake mahali pa chini na kuleta kutu. Kama kifuniko chako hakikuandikwa DOT 5, kopo hilo lirudishe rafuni.

Rangi isikudanganye kwenye hizo nyingine. DOT 3, 4 na 5.1 zote huwa kuanzia nyeupe kama maji hadi rangi ya asali, huwezi kuzitambua kwa macho. Soma kopo.

Magari ya karibuni yana jambo moja zaidi. ABS na mfumo wa kuzuia gari kuteleza hufungua na kufunga vali ndogo sana kwa kasi, na mafuta mazito yanachelewa kupita. Kwa hiyo kuna DOT 4 nyepesi, kopo lake utaliona na herufi LV, yaani mafuta mepesi kutiririka, au kiwango cha kimataifa ISO 4925 daraja la 6. Kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, uzito wake wa kutiririka hauruhusiwi kuzidi 750 kwenye kipimo ambacho DOT 4 ya kawaida inaruhusiwa hadi 1,800. Kitabu cha gari kikitaja daraja la 6, nunua hilo hilo.

Haya, kopo liko mkononi. Geuza kifuniko uangalie sili: iwe haijaguswa. Mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa nyingine usiyachukue hata kwa bei ya bure. Chukua pia kopo dogo linalotosha kazi yako, kwa sababu likishafunguliwa linaanza kunywa unyevu, na nusu iliyobaki haifai kuwekwa kabatini hadi mwakani.

Kuhusu oili ya injini, ya gia au ya usukani, hata tone usiweke. Raba za breki za kawaida hazivumilii mafuta ya madini, zinavimba, na breki zinaweza kubana zisiachie. Ukishamimina kwa bahati mbaya, usiwashe gari wala usikanyage pedali. Ita fundi hapo hapo. Tofauti iko kwenye baadhi ya Citroën za zamani, zinazotumia mafuta ya kijani yaitwayo LHM. Hizo nazo glaikoli ndiyo sumu yao.

Kabla ya kuongeza, jiulize mafuta yamekwenda wapi. Pedi zikilika, mafuta hushuka taratibu kwenye kijitangi, na hilo ni la kawaida. Ukijaza hadi juu leo, fundi akija kuweka pedi mpya na kusukuma pistoni ndani, mafuta yatafurika. Lakini yakishuka ghafla, yanavuja: chungulia ndani ya magurudumu na chini ya pedali. Hapo kuongeza hakusaidii, gari lisitoke.

Kama ni kuongeza, mimina polepole, usipite MAX, funga mara moja. Tone likiangukia bodi usilisugue kwa kitambaa, linakula rangi. Mwaga maji mengi papo hapo.