Mashine Imezimwa, Hatari Bado Ipo

ZUHURA: Karibuni kipindini. Leo tunazungumza na mafundi wa kuchomelea, kuanzia wenye karakana Gerezani na Vingunguti hadi anayefunga geti kwa mteja Kimara. Kaka Hamisi, tuanzie wapi?

HAMISI: Kwenye kuzima mashine, dada. Mengi huanza pale. Cheche ya rodi au ya grenda inaweza kuruka zaidi ya mita 10 ikaingia kwenye maranda, godoro au upenyo wa dari. Haiwaki hapohapo, inafuka. Fundi kakunja waya zake kaondoka, moto unaanza.

ZUHURA: Kwa hiyo abaki mtu.

HAMISI: Abaki, na kazi yake iwe hiyo tu. Zamani ilikuwa dakika 30. Kiwango cha Marekani cha kuzuia moto kwenye kazi za kuchomelea, NFPA 51B, sasa kinataka saa nzima. Apapase na upande wa pili wa ukuta, maana bomba au nondo inayopenya hupeleka joto huko. Awe na mtungi wa poda kavu, mshale wa geji ukiwa kwenye kijani. Maji ni ya mbao na makaratasi; kwenye mashine yenye umeme usimwage.

ZUHURA: Mapipa je? Wateja wanaleta lililokuwa na dizeli, wanataka likatwe liwe jiko.

HAMISI: Kulisuuza kwa maji matupu hakutoshi. Mabaki yaliyoganda kwenye maungio yakipata joto hutoa mvuke, na mvuke uliofungiwa ndani hulipuka. Mimi ningemrudishia pipa lake.

ZUHURA: Macho sasa. Mchana mtu ni mzima, usiku anahisi mchanga machoni.

HAMISI: Mionzi ya kuchomelea imeunguza ngozi ya juu ya jicho. Maumivu huja baada ya saa 6 hadi 12, macho yote mawili. Toa lenzi kama unavaa, kaa gizani, weka kitambaa baridi juu ya kope zilizofumbwa, meza dawa ya kawaida ya maumivu. Mara nyingi hupoa ndani ya siku moja au mbili. Maziwa na viazi vya kuweka machoni viache jikoni.

ZUHURA: Na matone ya ganzi?

HAMISI: Hayo usijinunulie. Yanaondoa maumivu lakini yanachelewesha kidonda kupona. Na kama linauma jicho moja tu, tena lilianza ulipokuwa unasaga, shuku kipande cha chuma. Usisugue wala usichokoe. Lifunike bila kulikandamiza, nenda hospitali.

ZUHURA: Wale wa mabomba yenye zinki wanakunywa maziwa kabla ya kazi.

HAMISI: Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda mapafuni! Saa chache baadaye ni baridi, homa, kikohozi, mtu anadhani ni malaria. Saga zinki itoke sehemu ya kuchomelea, ukiwa na barakoa inayochuja vumbi na moshi wa chuma, kisha fanyia kazi mahali penye upepo, ukae upande unakotokea. Akianza kubanwa kifua, hospitali bila kusubiri.

ZUHURA: Umeungua mkono. Dawa ya meno?

HAMISI: Hapana, wala yai, wala barafu. Joto linaendelea kupenya hata chuma kikishaondoka, kwa hiyo maji safi ya kawaida, yanayotiririka, dakika 20 kamili. Bomba limekauka? Ndoo na kata, mimina taratibu. Hata kama umechelewa, ndani ya saa 3 bado yanasaidia. Vua pete na saa kabla hujavimba. Nguo ya nailoni iliyogandia usiivute, kata kuizunguka. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Jeraha likizidi kiganja cha mgonjwa, au likiwa usoni, mikononi au kwenye kiungo, aonwe na daktari.

ZUHURA: Aliyepigwa na umeme?

HAMISI: Swichi kuu kwanza, kabla ya kumgusa. Kama hajibu na hapumui vizuri, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Akizinduka akasema yuko sawa, bado aende kupimwa moyo.

ZUHURA: Zimamoto hapa Tanzania ni 114.

HAMISI: Na unapopiga, taja mtaa na alama ya karibu, kisha mtume mtu barabarani awaelekeze. Kama ndani kuna mitungi ya oksijeni na asetilini, waambie mapema.