Jinsi ya Kutumia Neno "Gap-toothed": Mwanya au Pengo?

Karibuni. Leo tunashughulika na neno moja tu la Kiingereza: gap-toothed. Shika kalamu na daftari.

Kwanza tulitamke. Tazama mdomo wangu: gep-tuth-t. Hiyo th ni ileile ya "thelathini", ncha ya ulimi iguse meno. Usimalizie na "tuthedi". Ed hapa inasikika kama t fupi. Rudia nami, polepole.

Sasa liandike. Weka kistari katikati, na tooth ibaki ya umoja hata kama mtu ana meno 32 kinywani. Usiandike gap-teethed.

Hatua ya tatu ni maana, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo tafsiri nyingi zinapoharibikia. Sisi tuna mwanya, ule uwazi wa asili kati ya meno mawili ya mbele, na tuna pengo, yaani mahali jino lilipong'oka. Mwingereza anayaita yote mawili gap. Kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kuamua. Ukikuta a gap-toothed boy of six, angalia umri: miaka sita ndiyo meno ya utotoni huanza kung'oka, basi huyo ana pengo. Ukikuta neno hilohilo kwa Lauren Hutton, mwanamitindo wa Marekani, ni mwanya, tena mwanya uliomtambulisha. Ukimwandika "mwenye pengo", umemng'oa jino ambalo lipo!

Nne, angalia sifa. Kwetu kumwambia binti ana mwanya ni kumsifia. Mwanya na dimpozi husifiwa pamoja. Neno la Kiingereza halina utamu huo ndani yake, linaeleza tu umbo la meno. Ukimwambia mtu usoni You are gap-toothed, anaweza kuudhika kweli. Ongeza neno la kusifu: You have a lovely gap-toothed smile. Hapo atatabasamu.

Neno hili lina ukoo mrefu. Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Geoffrey Chaucer alimweleza Mke wa Bath, mhusika katika kitabu chake The Canterbury Tales, kuwa gat-tothed, na wachambuzi wengi wameuhusisha mwanya huo na ujasiri wake na uchu wake wa mapenzi.

Usilichanganye na buck-toothed, la meno ya mbele yaliyochomoza nje. Hilo mara nyingi hutumika kumdhihaki mtu, nakusihi usimwambie yeyote.

Simamisha video, ujaribu kutafsiri sentensi mbili: "Bibi alitabasamu, mapengo yakaonekana." Na ya pili: "Dada yangu ana mwanya mzuri."

Tayari? Ya kwanza: Grandma gave a gap-toothed smile. Ya pili, hapa kivumishi chetu tunakiacha kabisa, maana sentensi inapendeza zaidi bila hicho: My sister has a lovely gap between her front teeth.