Saa Tano za Giza: Mhadhara kuhusu Betri na Inveta za Nyumbani

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Mwenyekiti amenipa saa nzima, lakini naona wapo waliotoka kazini moja kwa moja na foleni ya Barabara ya Mandela hapa Dar bado wanayo usoni, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe. Mimi ni fundi umeme na siku hizi nafundisha mafundi. Duka sina. Mkisikia nasifu kitu hapa, jueni sina cha kuwauzia.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Fundi, ninunue betri ya ngapi?" Huwa silijibu. Nami nauliza: umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni ukarudi saa tano usiku, unataka nini kiwake? Mtu akijibu "kila kitu", namshauri anunue bajaji, atapata faida. Nyumba inayotaka kila kitu kiwake, pasi, jagi la umeme, oveni na kiyoyozi, inahitaji mtambo ambao wengi wetu hapa hatuuwezi. Anayejua cha kuacha kizimike ndiye anayenunua betri vizuri.

Wapo watakaosema, betri za nini wakati bwawa limeisha? Ni kweli. Bwawa la Mwalimu Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi mapema 2024. Waliokuwepo mwaka 2006 na 2011 wanakumbuka mgao ulikuwaje, bwawa la umeme la Mtera maji yamekauka na jiji zima linanguruma jenereta. Ule ulikuwa upungufu wa umeme wenyewe. Lakini umeme wa Rufiji haudondoki sebuleni kwako. Unasafiri kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, unapita vituo vya kupozea umeme, unafika kwenye transfoma ya mtaa ambayo ilifungwa wakati mtaa una nyumba ishirini na leo una ghorofa. Mnazi ukiangukia waya, au fyuzi ya transfoma ikiungua saa mbili usiku, megawati 2,115 hazikusaidii kitu. Ndiyo maana nazungumzia saa tano, sizungumzii siku tatu.

Tufanye hesabu, na naomba wenye simu mzitoe. Taa tano za LED, kila moja wati 9, ni wati 45. Feni moja ya kusimama, wati 60. Televisheni ya inchi 32, wati 50 hivi. Ruta ya intaneti, wati 10. Simu mbili kwenye chaji, weka 15. Jumla wati 180. Zidisha kwa saa tano: wati-saa 900. Yuniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000, yaani haijafika hata yuniti moja. Watu hushangaa hapa. Jioni nzima ya familia, na taarifa ya habari ndani yake, haimalizi yuniti moja.

Sasa inveta nayo inakula. Kugeuza umeme wa betri wa volti 12 kuwa volti 230 kunapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri itatakiwa itoe wati-saa 1,060 hivi. Na betri ya volti 12 iliyoandikwa ampea-saa 100 inabeba 12 mara 100, wati-saa 1,200. Umeona? Inatosha! Hapo ndipo watu wanapopigwa.

Betri ya risasi na asidi, iwe ya maji au ya jeli, haitaki kunywewa mpaka chini. Ukitaka ikae, ishie nusu. Kwa hiyo kati ya zile 1,200 zako ni 600. Isitoshe, ile 100 iliyoandikwa ubavuni kwa kawaida imepimwa kwa kutoa ampea 5 polepole kwa saa 20. Ukiinyonya haraka, inatoa pungufu. Na ukiimaliza ukaiacha tupu siku mbili tatu, sahani zake za risasi zinaota chumvi ngumu, na chaji haiingii tena vizuri. Betri nyingi "mbovu" ninazoletewa hazikuwa feki. Ziliachwa tupu tu.

Betri hii ni mzee wetu: Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na mpaka leo ndiyo inayowasha daladala. Lakini hiyo ya daladala msiilete ndani. Betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, istati injini, kisha ichajiwe papo hapo. Sahani zake ni nyembamba. Ukiifanyisha kazi ya kuwasha televisheni usiku kucha, miezi michache tu imekwisha. Ipo nyingine iliyotengenezwa kwa kazi ya kutoa umeme polepole na kwa kina. Muulize muuzaji ile ya sola.

Halafu ipo lithiamu. Utafiti wake uliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Nobeli ya kemia mwaka 2019. Zipo za aina nyingi, na kwa nyumba ninayoipendekeza ni ile yenye chuma na fosfeti, kwa sababu ni vigumu zaidi kushika moto kuliko ndugu zake zilizomo kwenye simu na kompyuta. Ya volti 12 na ampea-saa 100 unaweza kuitumia asilimia 90 bila wasiwasi, yaani wati-saa 1,080. Jioni yetu ya saa tano imepita kwa betri moja. Kwa risasi ungehitaji mbili.

Bei? Lithiamu ni ghali, tusidanganyane. Lakini angalia inakufaje. Ya risasi, ukiishusha nusu kila mara, inavumilia mizunguko 300 mpaka 500. Ya lithiamu na fosfeti inakwenda 2,000 na kuzidi. Kama mtaa wako umeme unakatika karibu kila jioni, ya risasi itakufia ndani ya mwaka mmoja na kitu, na ile ya ghali inakuwa ndiyo rahisi. Kama kwenu unakatika mara mbili kwa mwezi, sioni sababu ya kutoa hela hiyo. Nunua zile taa za kuchaji zenye betri ndani, zinazofungwa kwenye holda ya kawaida na kubaki zinawaka umeme ukiondoka, weka na kibetri kidogo cha ruta, basi. Najua wauzaji hawapendi nikisema hivi.

Umeme wenyewe wa kujaza ni senti. Kujaza hiyo ya lithiamu kunakula kama yuniti moja na nusu, na kwa bei ya mtumiaji wa kawaida ni shilingi mia tano na kitu. Gharama iko kwenye chombo cha kuuhifadhi, ndiyo maana nahimiza kukitunza.

Na adui yake mkubwa hapa Dar ni joto. Betri ya risasi hupimwa maisha yake kwenye nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri unapungua nusu. Sasa kumbukeni Februari ya hapa, halafu mfikirie wale wanaoficha betri juu ya dari, chini ya bati. Huko ni jiko! Iweke chini, kwenye kivuli, penye hewa, mbali na mtungi wa gesi na mbali na kitanda. Ya maji, wakati wa kuchajiwa, inatoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni haihitaji zaidi ya cheche. Unyevu wa bahari nao hauna huruma, hasa kwa wenzetu wa Kigamboni na Msasani: ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri, safisha, paka grisi. Ya maji iongezewe maji safi ya betri (distilled), si ya bomba, na usiiongezee asidi kwa sababu eti "imepoa".

Kuhusu feki, Kariakoo mnaijua wenyewe. Sitataja duka. Nitawapa kipimo kisichohitaji mashine: inyanyue. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 mpaka 30. Risasi ni nzito, haidanganyi. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama pochi ya harusini, humo ndani ampea-saa 100 hazimo, hata stika iseme nini. Ya lithiamu ya ukubwa huo huwa kilo 10 mpaka 13, kwa hiyo kwake wepesi si kosa. Yeye muulizie saketi ya ulinzi, ile inayokata umeme betri ikizidi joto, ikijaa kupita kiasi au ikikaribia kuisha.

Inveta nitaipitia haraka. Chukua ya wimbi safi. Zile za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi ngazi, feni inanguruma na mota ya friji inachemka. Na usisahau kuiambia ni betri gani umeifungia, maana ya risasi na ya lithiamu hazichajiwi sawa. Angalia pia kasi ya kuchaji. Chaja ya ampea 10 itahitaji zaidi ya saa 10 kujaza betri ya ampea-saa 100. Ukikatikiwa usiku, umeme ukarudi alfajiri kwa saa nne, ukaondoka tena, utaingia jioni na betri nusu halafu umlaumu fundi.

Nyaya ndiyo sehemu ninayoiogopa zaidi. Wati 1,000 kwenye volti 12 ni ampea zaidi ya 80. Hizo hazipiti kwenye waya wa taa. Waya unachemka, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia hapo. Tumia waya mnene, mfupi, na fyuzi karibu kabisa na betri. Mzigo ukizidi wati elfu mbili hivi, hama kwenye volti 12, nenda 24 au 48.

Na hili naomba mnisikilize vizuri. Yupo kijana mtaani atakutengenezea waya wenye plagi dume pande zote mbili, achomeke inveta au jenereta kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Umeme huo hauishii kwenye nyumba yako. Unarudi nyuma mpaka kwenye transfoma, unapandishwa volti, na juu ya nguzo yuko fundi wa TANESCO anayeamini laini haina umeme. Fungeni chenjiova, ile swichi inayotenganisha umeme wa TANESCO na wa kwako, au saketi za pembeni kabisa zinazolishwa na inveta peke yake, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Maswali. Mama pale nyuma anauliza friji na pampu ya kisima.

Friji inawezekana, mama. Yenye wati 120 haifanyi kazi muda wote, kwa hiyo kwa saa tano inakula kama wati-saa 200. Tatizo ni kuwaka: kwa nukta moja mota inaweza kudai mara tano ya wati zake, na inveta ndogo inajizima. Mimi naona kwa saa tano friji haihitaji betri. Jaza chupa za maji kwenye friza wakati umeme upo, zigande, na ukikatika usifungue mlango ovyo. Pampu nayo, ya hospawa moja ni wati 746 bado hujaongeza nguvu ya kuwakia. Usiifungie betri. Pandisha maji kwenye tangi la juu mchana, usiku yashuke yenyewe.

Kijana anauliza betri ikifa ipelekwe wapi. Msimwage asidi mtaroni, na msiwape watoto wavunje kutafuta risasi. Pale Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaingizia watu risasi kwenye damu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, alipambana nacho mpaka kikafungwa mwaka 2014. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipia mpya kama anapokea ya zamani. Risasi ina thamani, wengi watakupunguzia bei kidogo. Ibebeni ikiwa wima, mifuniko imefungwa, na msiikalie kwenye bodaboda.