Banda la Kuku Lenye Kofia na Dohani

Haya wapendwa wangu, hamjambo huko nyumbani? Tangu niweke ile picha mmeniuliza sana: hiyo ni nyumba ya kuku au nyumba ya kwenye hadithi za watoto? Ni banda la kuku. Leo nawaonyesha lote, ndani na nje. Ngoja nigeuze kamera.

Mnaliona? Paa limelalia upande mmoja kama kofia iliyovutwa hadi sikioni. Mlango ni wa duara. Dirisha moja kubwa, lingine dogo. Rangi nimepaka ya kiini cha yai, kingo za bluu. Aliyelichora ni binti yangu wa miaka sita, kwa kalamu zake za rangi, nami nikaapa sitanyoosha hata mstari mmoja. Mbao nyingi ni za paleti, zile chaga za mbao za kupakilia mizigo. Ukipata paleti, tafuta muhuri kwanza: ukiwa na HT, mbao zilipitishwa kwenye joto, ukiwa na MB, zilifukizwa dawa ya sumu, achana nazo kabisa.

Sasa tazameni dohani ile. Kwenye mchoro ilikuwa inatoa moshi wa zambarau. Nilipojenga niliiruka, nikaona ni urembo tu. Baridi ilipoingia nikaziba kila tundu, nikidhani nawahurumia kuku wangu. Asubuhi moja nafungua mlango, vioo vinatiririka maji kwa ndani, amonia, ile hewa kali inayotoka kwenye kinyesi, inaniwasha macho, na tetea wangu mwenye madoa ncha za undu wake, ule upanga mwekundu wa kichwani, zimekuwa nyeusi. Iliniuma mno. Kuku anapumua usiku kucha, na kinyesi chake kina maji mengi. Unyevu ukikosa pa kutokea unabaki humo humo, undu unalowa, baridi inauunguza. Manyoya yake yanamtosha kwa baridi kavu. Unyevu ndio unaomuumiza.

Siku hiyohiyo nikapanda juu, nikakata tundu, nikajenga dohani. Hewa yenye unyevu inapanda na kutokea pale, juu kabisa ya vichwa vyao, wala upepo hauwapigi wakiwa wamelala. Juu nimeweka kikofia cha bati cha kuzuia mvua, na wavu.

Na hapo kwenye wavu nawaomba mnisikilize vizuri. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, ambao wengi tunauita wavu wa kuku, unamzuia kuku kutoka. Haumzuii mnyama kuingia. Mbweha anaupasua. Rakuni, mnyama mdogo mwenye vidole vyepesi kama vya mtu, anapitisha mkono. Chukua wavu mgumu wa kuchomelewa, matundu ya nusu inchi, uukaze kwa skrubu na washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu. Haya maua yanayozunguka banda, mnayaona? Chini yake nimelaza wavu huohuo, sentimita 30 kwenda nje, kuzunguka pande zote. Mbweha huanza kuchimba palepale ukutani, akakuta waya. Binti alitaka maua, akapata maua.

Ndani sikuruhusu mchezo. Fito za kulala ni bapa, upana wa sentimita 5, ili kuku akichuchumaa manyoya yafunike vidole vyake. Kila kuku nimempa sentimita 25 za ufito, na wako sita. Viota viwili, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, viko chini kuliko fito. Usigeuze! Kuku hutafuta mahali pa juu zaidi pa kulala. Kiota kikiwa juu atalala humo, asubuhi unaokota mayai yenye kinyesi. Nyufa za fito ninazimulika kwa tochi usiku, maana utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kutoka gizani kunyonya damu.

Haya, jua linazama, na saa hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hakuna anayewaita. Tazameni wanavyopanda ngazi yao mmoja mmoja, wanainamisha kichwa kwenye mlango wa duara. Mmoja... wawili... watano. Mwenye madoa huwa wa mwisho, lazima azunguke maua kwanza. Huyo, anaingia. Undu wake umepona, ila ncha mbili hazikurudi.

Ngoja niweke komeo zote mbili.