Tairi la Pikapu kwa Njia za Dodoma: Tuanze na Ubavu

Ndugu zangu madereva, wamiliki wa magari na maafisa usafirishaji, habari za asubuhi. Karibu kila mmoja hapa ana pikapu au anaendesha ya ofisi, na tukifika dukani karibu wote tunafanya jambo lilelile: tunatazama kashata, yaani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Zikiwa nene na zenye pembe, tunaona hilo ndilo tairi la porini. Leo tufanye kinyume. Tusome ubavu kwanza, kashata tutazifikia. Kwa jua letu hili, changarawe, miiba na mizigo iliyopitiliza, matairi mengi hufa ubavuni au kwa joto kabla kashata hazijaisha.

Chukueni namba hii, wenye Hilux wengi wataitambua: 265/65R17 112S. 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 172. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi S ni mwendo wa juu wa kilometa 180 kwa saa, hiyo isiwasumbue. Namba ambayo watu wengi wanairuka ni 112. Hiyo ndiyo inayosema tairi linabeba kilo ngapi, na 112 ni kilo 1,120.

Kabla ya kuuliza bei, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko cha saizi ya tairi na upepo wake. Uzito wa juu wa ekseli ya nyuma utaupata hapo au kwenye kitabu cha gari. Tuseme kwa mfano ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo 1,700, kila tairi kilo 850. Dukani unaonyeshwa 225/75R16 mbili zinazofanana kabisa kwa macho. Moja limeandikwa 104, ambayo ni kilo 900. Lingine limeandikwa 115/112: kilo 1,215 likifungwa moja kila upande, kilo 1,120 yakifungwa mawili mawili kama nyuma ya Fuso. Lile la kwanza linaonekana limetosha, maana 900 ni zaidi ya 850. Lakini hilo limetengenezwa kama tairi la gari la abiria, na kwa desturi ya Wamarekani uwezo wa tairi la namna hiyo hugawanywa kwa 1.1 likifungwa kwenye pikapu, kwa kuwa pikapu hupakiwa vibaya na hupigwa zaidi. 900 ukigawa kwa 1.1 unapata 818. Limeshindwa kabla hujapakia chochote.

Na hapo sijagusa lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Magunia kumi ya mahindi ya kilo 100 ni tani moja. Magunia kumi ya lumbesa si tani moja, hata kama kwenye karatasi ya mzigo imeandikwa hivyo.

Kwa hiyo tafuteni herufi LT mbele ya saizi, au C nyuma yake, kama 205R16C. Hayo ni matairi ya magari ya mizigo. Kwenye LT utakuta pia kundi la uwezo: C ni plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Plai zamani ilikuwa idadi ya matabaka ya nyuzi; siku hizi ni kipimo cha nguvu tu. Tairi la plai 10 linaweza kuwa na matabaka mawili au matatu tu ya poliesta ubavuni. Muulize muuzaji, au soma mwenyewe maandishi madogo karibu na ukingo wa rimu: yanataja matabaka ya ubavuni na ya chini ya kashata. Kwa anayekwenda Farkwa au Kibakwe kila wiki, matabaka matatu ubavuni yana thamani kuliko kashata ya kutisha. Jiwe lenye makali hupasua ubavu, na ubavu uliopasuka hauzibwi. Fundi pancha akikwambia anaziba, mshukuru, uende zako.

Hapa kwenye upepo nitakaa kidogo, maana ndipo matairi mazuri yanapouawa.

Tairi la LT linahitaji upepo zaidi ili kubeba uzito uleule. Kibandiko cha mlangoni kikisema psi 36 (psi ndicho kipimo cha upepo) kwa tairi la kawaida, ukafunga LT ya plai 10 ukaiwekea 36 hiyohiyo kisha ukapakia tani, ubavu unapinda kupita kiasi. Saizi kama ile 265/65R17 itahitaji psi 10 hadi 15 zaidi ili ilingane na tairi la awali, yaani 46 hadi 51 hivi nyuma gari likiwa na mzigo. Thibitisheni kwa jedwali la mtengenezaji wa tairi mlilonunua. Ile 80 iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, siyo upepo wa gari lako. Ukijaza 80 kwenye pikapu tupu, inaruka kwenye makunyanzi, kashata za katikati zinalika peke yake, na mawe yanakata mpira uliokazwa badala ya kuupindisha tu.

Kwa nini kupinda ni hatari? Tairi la saizi hiyo huzunguka zaidi ya mara 400 kila kilometa, na kila mzunguko ubavu unapinda na kunyooka. Dodoma hadi Morogoro, kama kilometa 260, ni zaidi ya mara laki moja. Kila kupinda kunazaa joto. Upepo ukiwa pungufu, joto linapanda kuliko linavyoweza kutoka, gundi kati ya mpira na waya za chuma za ndani inalegea, na siku moja kashata nzima inabanduka kama ganda. Watu watasema tairi lilikuwa feki. Mara nyingi lilikuwa na njaa ya upepo tangu siku lilipofungwa.

Na kuna tabia ya kusimama Gairo saa saba mchana, dereva anapima, anakuta 42 badala ya 36 aliyojaza alfajiri, anatoa upepo. Usitoe. Upepo hupanda karibu psi 1 kwa kila nyuzi 6 za joto, na kupanda kwa psi 4 hadi 6 safarini ni kawaida. Ukitoa, jioni tairi likipoa litakuwa na 30, na kesho unaanza safari ukiwa pungufu. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea.

Sasa saizi. Vijana wanapenda kupandisha: kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17. Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 803, ongezeko la asilimia 3.4. Gari linainuka nusu tu ya tofauti hiyo, milimita 13, upana wa kidole. Kwa milimita hizo 13 unalipa nini? Kipima mwendo kinasoma 100 wakati unatembea 103. Gia zote zinakuwa ndefu, klachi inateseka kwenye vilima, na ukikata usukani hadi mwisho tairi linaweza kusugua mpira wa kuzuia tope au plastiki ya ndani. Mimi nasema baki na saizi ya kiwandani, pesa ya ziada uiweke kwenye uwezo wa kubeba.

Kuna badiliko moja la saizi ninalolipendekeza. Pikapu za kazi za zamani zilizokuja na 205R16C zina tabu ya kupata tairi la porini lenye machaguo. 205R16C ina kipenyo cha milimita 743 hivi. 225/75R16 ni 744. Hakuna kitakachobadilika kwenye kipima mwendo, na machaguo ya LT ni mengi zaidi. Hakikisha tu rimu yako ina upana wa inchi 6 au 7, na tairi la spea liwe saizi hiyohiyo.

Haya, kashata. Tairi la barabara, HT, kashata zake zimekaribiana. Linatulia kwenye lami na kula mafuta kidogo. Tairi la matope, MT, lina mapengo makubwa, linaunguruma, na kwenye lami yenye maji linashika kidogo. AT, la njia mchanganyiko, liko katikati. Sasa tazameni njia zenu. Dodoma–Iringa kupitia Mtera ni lami. Dodoma–Kondoa–Babati ni lami. Morogoro na Singida, lami. Changarawe na vumbi vinaanza ukikata kuingia vijijini. Pikapu nyingi za hapa zina kilometa nyingi za lami kuliko wenyewe wanavyokiri. AT inatosha, na ichague yenye ukanda wa kashata wa katikati ulioungana badala ya vipande vinavyosimama kila kimoja peke yake: inakaa vizuri kwenye lami na haing'oki vipande kwenye changarawe. Chungulia ndani ya mifereji uone vijinundu vidogo vya mpira; vimewekwa kusukuma mawe nje. Jiwe likibanwa humo linachimba taratibu mpaka likafikia waya, kisha maji ya masika yanaingia na waya unaota kutu.

Ile alama ya mlima wenye theluji ubavuni, muuzaji akiisifia, mwambie theluji ikianguka Chamwino utamrudia.

Kwenye mchanga wa makorongo, AT ya kawaida inavuka ukipunguza upepo hadi 20 hivi, mwendo usizidi kilometa 30 kwa saa, na ukijaza tena kabla ya kurudi barabarani. Pampu ya umeme wa gari iwe ndani ya gari, siyo nyumbani. Lakini udongo mweusi wa mbuga, ule wa Bahi wakati wa mvua, msidanganyike. AT inajaa udongo kwa mizunguko miwili na inabaki laini. MT inajitahidi zaidi kidogo, kisha nayo inajaa. Pale dawa ni koleo, kamba na kusubiri jua. Sioni sababu ya kutembea na MT mwaka mzima kwa ajili ya wiki chache za tope.

Tarehe ya tairi: tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne kwenye kiduara kirefu. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tarakimu hizo mara nyingi huwa upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze. Tairi lililozidi miaka miwili dukani, tafuta lingine, hasa kama limekuwa likianikwa nje juani kama tangazo la duka. Mpira huzeeka hata bila kutembea.

Ndugu mmoja hapa mbele anauliza kama anaweza kununua mawili tu. Unaweza, ila mawili mapya yakae nyuma. Nyuma likiteleza kwenye lami yenye maji, gari linageuka na wengi hawawezi kulirudisha. Yawe saizi na aina moja na ya mbele, na usiweke fowili (magurudumu yote manne kuvuta) kwenye lami: vipenyo vikitofautiana, ekseli mbili zinavutana na gia boksi ndiyo inayolipa. Ukiweza, nunua manne, uyazungushe kila kilometa 8,000 hadi 10,000: ya nyuma yaje mbele upande uleule, ya mbele yaende nyuma kwa kupishana. AT usipolizungusha, kashata zinalika kama meno ya msumeno na mngurumo unaanza.

Swali la pili, tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu. Hapana. Tyubu inasuguana na ndani ya tairi, joto linazidi, na ikipasuka upepo wote unatoka mara moja. Mwiba wa mgunga ukitoboa chini ya kashata, tundu lisizidi milimita 6, fundi atoe tairi kwenye rimu alizibe kwa ndani kwa kiraka chenye shina. Ile kamba ya nje ikufikishe nyumbani tu.

Mkifunga, ombeni vali mpya, balansi, na alaimenti siku hiyohiyo. Nati zikazwe kwa kupishana, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, siyo kwa kumsimamisha kijana juu ya spana. Baada ya kilometa 50 hadi 100, simameni mzikaze tena; rimu ya chuma hujikalia kidogo na nati hulegea.