Alama tano za Kalasinga siyo mapambo

Asanteni kwa kunikaribisha. Niingie moja kwa moja kwenye swali ambalo sisi Masikh, Makalasinga kama mlivyozoea kutuita, tunaulizwa kila siku, eti ile bangili ya chuma ni hirizi? Hapana jamani. Kara, ndo jina la hiyo bangili, haina nguvu yoyote ndani yake, ni chuma tu, tena kisicho na dhahabu wala vito, ili mkono wa tajiri na wa maskini ufanane.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1675 pale Delhi, Guru wetu wa tisa, yaani kiongozi wetu wa dini, Tegh Bahadur, alikatwa kichwa enzi za mfalme Aurangzeb, na alikuwa anawatetea Wahindu wa Kashmir, yaani watu wa dini nyingine kabisa, waachwe waabudu wanavyotaka. Wazee wanatusimulia kwamba wafuasi wake walikuwepo kwenye ule umati lakini kwa woga wakanyamaza, na nani angewajua, walifanana na kila mtu. Mwanawe Gobind, aliyekuwa Guru baada yake, alikuwa bado mdogo. Alipokuwa mtu mzima, sikukuu ya Vaisakhi mwaka 1699 kule Anandpur, akasimama na upanga mbele ya watu akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake, wakatoka watano mmoja mmoja, wa tabaka tofauti, akawanywesha maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga, halafu yeye Guru mwenyewe akaomba nao wamnyweshe. Hiyo ndo Khalsa, jumuiya ya Masikh waliokunywa maji hayo, wanaovaa alama tano, na toka siku hiyo hatuna pa kujificha. Kara mmeshaijua, zilizobaki ni hizi.

Kesh ni nywele, hazikatwi, mwanamume kwa mwanamke. Unazichana asubuhi na jioni kwa kangha, kitana kidogo cha mbao, unazifunga fundo utosini, kitana unakichomeka humohumo kwenye fundo ndo unazungushia kilemba, kitambaa cha mita kama tano hivi, na kilemba chenyewe wala hakimo kwenye zile alama tano, kazi yake ni kuzitunza nywele. Kachera ni kaptura ya ndani ya pamba, inakukumbusha kujiheshimu na kuwa mwaminifu kwenye ndoa.

Kirpan, upanga mdogo tunaouvaa, ndo inaleta shida, eapoti, mashuleni, kila mahali. Watu wanaona kisu. Sisi tunaona deni, kwamba mnyonge akionewa mbele yako huna ruhusa ya kugeuza uso, na kuichomoa kwa hasira au kumtishia mtu ni kuivunjia heshima. Kanada kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2006 ikaamuliwa mwanafunzi anaweza kwenda nayo shule ikiwa imeshonewa vizuri ndani ya nguo. Naona walitenda haki.

Basi mkiwa safarini barabara ya Mombasa, simameni pale gurdwara, yaani hekalu letu, ya Makindu, vueni viatu, mjifunike kichwa, mle bure bila kuulizwa dini wala kabila, na kama kuna swali nimelisahau hapa muulizeni yeyote anayewagawia chapati.