Umetumiwa hela umlipie ndugu apatimenti Dar? Pima maji na LUKU kwanza

Habari zenu wapendwa wa Dar. Leo naongea na wewe ambaye kaka au dada yako huku ughaibuni amekutumia hela umtafutie apatimenti. Dalali atakuharakisha, atasema kuna mtu yuko njiani kuja kulipa. Mwache alipe. Kodi ya miezi sita ikishatoka, kuidai irudi ni kazi nzito.

Anza na maji. Fungua bomba la jikoni na shawa kwa pamoja, halafu fulashi choo. Yakibaki kuchuruzika, ama simtanki limewekwa chini sana, ama pampu imechoka. Uliza ni ya DAWASA au ya kisima, lakini usiishie kwenye jibu: tazama mdomo wa bomba na vitundu vya shawa. Ukoko mweupe maana yake maji ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, na hita itakufa mapema. Uliza pia umeme ukikatika pampu inasukumwa na nini, kwa sababu ghorofa ya nne bila pampu ni kupanda na ndoo.

Kwenye LUKU, hakikisha mita ni ya apatimenti hiyo peke yake. Zima swichi kubwa ya ndani, nenda ukaitazame taa ya mita. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu kingine kinakula umeme humo: taa za nje, pampu ya jengo, au jirani. Kisha nunua umeme kidogo usome makato. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni mapema aipunguze kwenye pango. Deni la mpangaji aliyetoka nalo litaonekana hapo hapo.

Karibu na bonde la Msimbazi, au popote pa chini, kagua kuta za nje. Rangi mpya iliyoishia usawa wa goti, chini yake plasta inamomonyoka ukiikwangua kwa kucha, ni alama ya maji ya masika. Muulize muuza genge wa jirani. Dalali hatakwambia.

Mkataba uandikwe kwa jina la huyo ndugu yako, na anayepokea hela awe ndiye mwenye nyumba: linganisha kitambulisho chake na hati, kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa uthibitishe. Piga picha kila ufa na kila kioo kilichovunjika kabla ya kusaini. Dalali mpe ujira wake, kodi ya mwezi mmoja, funguo zikiwa tayari mkononi mwako.